Khitma ya Asaad

Mgeni alikohoa mlangoni kabla ya kupiga hodi, na Bi Shaikha, ambaye macho yake yalikwisha kuzima zamani, akaukamata mtandio wake akajifunika mpaka kidevuni.

"Mama, mzee tu huyo," Wadha alimnong'oneza. "Ana miaka thamanini na kitu."

"Mzee si mwanamme?"

Ndivyo alivyo bibi huyu, na mtaa mzima wa Hail, hapa Maskati, unamjua. Fundi wa kiyoyozi akija, mtandio. Daktari akitaka kumtazama sikio, asubiri kwanza, mtandio. Alipokuwa bado anaona, hata mtangazaji wa televisheni akitokea kusoma khabari alijisitiri, wajukuu wakacheka mpaka wakagaragara. Haya zake hazikuzeeka pamoja naye.

Mumewe, Asaad, mtu wa kupuliza hata maji ya mtungi kabla ya kuyanywa, alichukuliwa kule Unguja siku za mapinduzi. Wenye bunduki walimpakia kwenye lori la kwenda jela mchana kweupe, majirani wanatazama, na kosa lake ni kuwa karani wa serikali iliyoanguka. Shihab, kaka yake Bi Shaikha, alikuwa kajificha darini katika nyumba hiyo hiyo, na siri ile waliijua mke na mume tu. Wiki haikwisha, wale watu wakarudi. Safari hii hawakupekua chumba wala kuuliza neno. Walikuja na ngazi. Shihab naye hakuonekana tena.

Bi Shaikha akavuka bahari mpaka Maskati na mimba tumboni. Mimba hiyo ndiye Wadha, mwanamke wa makamo sasa, aliyekua bila ya baba, bila ya kaburi la baba, bila hata ya picha yake. Alilolitaka duniani lilikuwa dogo: mama yake akubali isomwe khitma kabla hajafumba macho, na yeye apate kusema "marehemu baba" kama watoto wa watu. Kila mwaka alimwomba, na kila mwaka jibu lilikuwa lile lile.

"Khitma husomewa maiti. Nani aliyemwona baba'ko maiti?"

Msiba usio na maiti hauna matanga, jamani. Unakaa nao tu, unakula nao, unalala nao.

Ndipo Wadha aliposikia harusini kwamba Sib kumekuja mzee mmoja kutoka Dar es Salaam, Musallam jina lake, kaja kumtazama mjukuu wake, na mzee huyo alifungwa jela ile ile siku zile zile. Akaitafuta namba yake kama mtu anayetafuta dawa. Mzee alikataa. "Mambo ya kale hayo, mwanangu, yaache yalale." Akapiga tena, akakataa tena. Mara ya mwisho Wadha alilia kwenye simu, akamwambia mama yake keshakuwa kipofu, yuko mlangoni mwa kaburi, anangoja neno moja tu. Hapo mzee akauliza:

"Haoni kabisa?"

"Haoni kabisa, baba."

"Basi ntakuja baada ya alasiri."

Na sasa alikuwa amekaa sebuleni, kanzu imemning'inia mwilini, finjani ya kahawa mkononi. Alizungumza taratibu, akimtazama Wadha peke yake.

"Nilikuwa naye chumba kimoja. Walimpiga mpaka kucha zikamtoka. Wallahi hakumtaja mtu. Alfajiri moja wakamwita na wenziwe, akatoka anasoma Yasini, tukasikia risasi. Shimo lao nililifukia mimi, kwa mikono hii."

"Alisema lolote?" Wadha aliuliza, machozi yanamchuruzika.

"Alisema mkewe ana mimba. Akizaliwa mwanamke, aitwe Wadha."

Ya Rabbi! Wadha alijiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Ndivyo alivyoambiwa tangu utotoni, kwamba jina lake ni wasia wa baba. Shaka iliyobaki moyoni ikamtoka yote.

Bi Shaikha alikuwa kakaa, uso kaelekeza sauti inakotoka.

"Na weye," aliuliza, "walikuachia kwa nini?"

Mzee aliipuliza kahawa yake, iliyokwisha kupoa, kwa pumzi fupi fupi, kisha akanywa kidogo.

"Bahati, bibi."

Bi Shaikha akainua kichwa.

"Puliza tena," alisema.

"Mama!" Wadha aliona haya mbele ya mgeni. Mama keshaanza kuchanganyikiwa, maskini, khabari nzito zimemwelemea. Akajipangusa uso, akasema kwa haraka kwamba khitma itasomwa Ijumaa, inshallah, atawaita jamaa wa Mawaleh na Sib, atapika mwenyewe, na Mzee Musallam ndiye atakayekaa mbele, kwani hakuna aliyemtendea baba yake wema kama yeye.

Mzee aliiweka chini finjani. Akashika goti, akainuka kwa taabu.

"Msomeeni," alisema. "Msomeeni, apumzike. Na weye, Bi Shaikha, niwie radhi."

Bi Shaikha alinyanyua mikono. Akaufungua mtandio chini ya kidevu, akauvua, akaukunja taratibu mapajani. Nywele zake nyeupe zikamwagika mabegani, mbele ya yule mwanamme.

"Mama, jifunike!" Wadha aliruka. "Mgeni bado yupo!"

"Mgeni gani?" alisema Bi Shaikha. "Muulize baba'ko, mwanangu, nani aliwaambia wale watu waje na ngazi."