Benchi Lisilo na Mgongo

"Sitoki hapa," Bibi Pasi alisema, akaibana bakora yake katikati ya magoti kama mtu anayetia komeo mlangoni.

Mchungaji alikuwa na wiki tatu tu katika kanisa lile. Majina ya wazee wa kanisa alikuwa bado anayachanganya, lakini habari ya benchi la nyuma aliambiwa siku ya kwanza. Ni benchi fupi, halina mgongo, liko karibu na mlango pale yanapoegemezwa mafagio. Waliotengwa hukaa hapo. Mkate hawapewi, kikombe hawapewi, mpaka wazee waridhike.

Na kila Jumapili bibi huyu alikuwa pale. Waliomwita Bibi Pasi hawakukosea, maana vitambaa vya meza ya Bwana alikuwa akivipiga pasi yeye, mwaka wa thelathini sasa. Hata leo alivileta vimenyooka kama karatasi, akamkabidhi mzee wa zamu mkononi, kisha akageuka, akarudi kukaa na mafagio.

Pembeni yake alikaa fundi wa gereji, mwanamume wa miaka thelathini hivi, kucha zake nyeusi kwa oili isiyotoka kwa sabuni. Magari ya watu aliyatengeneza kutwa, ila kanisani alimleta bibi kwa miguu, mkono kwa mkono, wakipumzika kila penye kivuli. Alivaa koti la kijivu lililopigwa pasi vizuri sana, ingawa lilimbana mabegani. Bibi akikohoa, anampa maji. Wimbo ukitajwa, anamfungulia kitabu.

Leo ilikuwa Pasaka, na Mchungaji hakulala vizuri. Katibu alikuwa amemkumbusha sheria yao: asiyeshiriki meza ya Bwana mwaka mzima, kanisa halimziki. Bibi Pasi alianza kukaa kwenye benchi lile Pasaka iliyopita. Miguu yake ilikuwa imevimba, na daktari alishasema moyo umechoka. Mumewe alizikwa nyuma ya kanisa, na kando yake paliachwa nafasi ambayo bibi aliipalilia mwenyewe kila Jumamosi.

Ndiyo maana Mchungaji aliinama mbele yake kabla ya ibada, joho likifagia sakafu.

"Mama, ukiondoka leo bila kushiriki, utazikwa wapi?"

"Penye udongo. Kwani umekwisha?"

Fundi alimgusa mkono. "Mama, nakuomba. Nenda mbele. Mimi nitakungoja hapa hapa."

"Nyamaza, mwanangu. Shika kitabu."

"Ni neno moja tu," Mchungaji alibembeleza. "Omba msamaha, yaishe."

"Neno lililonipasa nilishalisema, tena mbele ya watu wengi. Waliobaki nalo mdomoni ni wale." Aliwaonyesha wazee wa kanisa kwa kidevu. Walikuwa wamekaa safu ya mbele, suti nyeusi, shingo zimekakamaa.

"Mama, nisikilize. Kosa lolote lile lilishalipiwa msalabani."

"Lolote?"

"Lolote."

"Hata lile ambalo hujaambiwa?"

"Hata hilo."

"Basi umekosea benchi, baba. Mimi nasikia vizuri. Kawahubirie wale."

Mama mmoja aliyekuwa karibu alificha kicheko kwenye leso. Mchungaji alisimama, masikio yakiwaka moto. Mwenyekiti wa wazee alimfuata, akamvuta mpaka chumba cha kuvalia majoho, akafunga mlango.

"Usimbembeleze tena yule. Tumembembeleza mwaka mzima. Anatuaibisha mbele ya wageni."

"Ni mgonjwa, Mzee."

"Njia ya kwenda mbele anaijua. Nani amemfunga kamba?"

"Na leo ni Pasaka. Nitasimamaje pale niseme kaburi liko wazi, na mtu amekaa mlangoni na mafagio?"

"Mchungaji, kuna makosa ya kufuta na kuna makosa ya kusubiri. Wewe ni mgeni."

"Kwa hiyo damu ya Bwana inafika safu ya ngapi? Ya tano? Ya sita?"

Nje, kwaya ilikuwa imeanza kuimba, na juu ya kwaya nzima ilisikika sauti moja ya kizee, kavu, ikiimba kwa nguvu kutoka nyuma kabisa.

"Nipe kitabu cha waliotengwa," Mchungaji alisema.

"Wazee hawajakaa kikao."

"Wakae wakitaka. Wakinifukuza kesho, sanduku langu bado sijalifungua lote. Leo nafuta jina, na mkate naupeleka mwenyewe mpaka kwenye mafagio."

Mzee alifungua kabati, akatoa kitabu chenye jalada jekundu, akakiweka mezani.

"Futa," alisema taratibu. "Lakini soma kwanza."

Mchungaji alichomoa kifuniko cha kalamu kwa meno. Akafungua ukurasa wa mwaka ule.

Palikuwa na jina moja tu, nalo lilikuwa la mwanamume. Chini yake katibu alikuwa ameandika: Fundi wa gereji. Kifungo amemaliza. Kosa lake: aliendesha lori akiwa amelewa, akamuua mwana pekee wa Bibi Pasi.