Mpunga wa Picha

Kabla hata ya kuonja tonge la kwanza, Mzee Bunma alishaona kwamba mpunga ule ulipaswa kuvunwa wiki mbili zilizopita.

Meza za mkahawa zilisimama juu ya nguzo za mianzi katikati ya shamba. Shamba lenyewe lilikuwa lake, hadi mwaka juzi binti yake alipomshikia bango aliuze. Masuke yalikuwa yameinamia matope, punje zikipukutika.

"Mwanangu, mnavuna lini?" akamuuliza mhudumu.

"Hatuvuni, babu. Huu ni wa picha tu. Ukilala chini, tunang'oa tunapanda mwingine."

"Na wali huu?"

"Wa dukani. Nikuongezee?"

"Baba, kula basi, usianze," binti yake akasema, macho kwenye simu.

Tangu utotoni Bunma hakuwahi kuondoka kwenye chakula bila kuunganisha viganja na kumshukuru Mama wa Mpunga, roho mlinzi wa mavuno. Leo viganja vilikataa kukutana.

Akavua viatu, akashuka ngazi. Matope yakammeza hadi vifundoni, yakiwa na uvuguvugu uleule. Akakusanya mabua kwa mkono wa kushoto, taratibu, kama mtu anayeshika nywele za mtoto, akaanza kukwanyua masuke na kuyatia kwenye pindo la shati.

Watu wa meza ya jirani wakapiga makofi. Walidhani ni burudani ya mkahawa.

"Hapohapo, Baba!" binti yake akaita, simu juu. "Inama tena kidogo. Aisee, umetoka kama mkulima kweli!"