Rafiki Aliyeachwa Ukunguni

“Mimi nakimbia, wewe unatembea kama unakwenda msibani!” Digidigi alimfokea Nungunungu, mwenzake katika mbio za wawili wawili, katikati ya uwanda wa mlimani.

“Si waandaaji wamesema kukimbia ruksa, kutembea ruksa? Walichokataza ni wawili kuachana, shoga yangu. Ukungu ukishuka mtu hupotea huku.”

“Basi potea!”

Digidigi akachomoka. Alivuka matope na vilima peke yake, akafika wa kwanza, akadai mwenzake yuko nyuma hatua chache tu, akavikwa shada la maua. Baadaye wakaingia wengine, wawili wawili, mpaka wa mwisho. Nungunungu hakuwamo, na mlima wote ulikuwa umefunikwa na ukungu.

“Atakuwa amechoka, amerudi kwao,” Digidigi alijifariji. Hata hivyo moyo haukutulia. Alilivua lile shada, akaenda kumwomba radhi, njia nzima akiyapanga maneno.

Mama Nungunungu alipomwona mlangoni, akashusha pumzi.

“Afadhali umeonekana, mwanangu! Mwenzio alipita hapa kunywa maji tu, akapanda tena mlimani. Anasema alikuita sana ukungu uliposhuka, hukuitika, na harudi nyumbani mpaka akupate.”