Ngurumo Akataa Mashine ya Bure

Mkurugenzi wa Mfuko alilazimika kupiga kelele ili asikike akisema kwamba kelele zimezidi.

"Nasema zima!"

Bwana Ngurumo akaweka mkono sikioni, akatabasamu, akaendelea kusukuma mashine yake ya kukatia nyasi huku moshi mweusi ukipanda hadi ghorofa ya pili. Jina hilo alibandikwa na makarani, na walikuwa na haki. Mashine ikiwaka, madirisha yote yalifungwa, vikombe vilicheza mezani na mikutano ikasimama. Na mikutano yenyewe ilikuwa ya nini? Ya kugharamia mashine safi, za betri, ili watu wa bustani waachane na petroli. Hiyo ndiyo kazi ya Mfuko. Basi kila walipofika kwenye suala la hewa safi, Ngurumo alipita chini ya dirisha na hakuna aliyemsikia mwenzake.

Aibu tupu. Lakini nani angekuwa na mdomo wa kumfukuza? Ukame ulikuwa umekausha bustani za mtaa mzima, hii aliyoitunza ikabaki kijani kibichi, imelala sawasawa, haina hata doa.

Alipozima hatimaye, mkurugenzi alimvuta kando.

"Baba, tunakupa mashine mpya ya betri. Bure."

"Nashukuru, mama. Hapana."

"Umenisikia lakini? Nimesema bure."

"Nimesikia. Wapeni wenye shida."

"Haya, mbili. Na ya kupogolea ua juu yake."

Ngurumo akakuna kidevu. Akasema za betri hazina nguvu. Akaambiwa zina nguvu kuliko yake. Akasema mikono yake imezoea mtetemo, akiukosa halali vizuri. Mwisho akasema nyasi zenyewe zimeshazoea moshi, ndiyo maana zinapendeza.

Mkurugenzi akashika kiuno. Watu walikuwa wakimlilia awape mashine hizo, na huyu anabembelezwa kama mtoto anayekataa dawa.

"Sikia, baba. Ijumaa wafadhili wanakuja kuona bustani yetu wenyewe ikikatwa kwa mashine safi. Utaisukuma wewe, au natafuta mtu mwingine."

Ngurumo akaitazama bustani. Zabuni ya kuitunza ndiyo iliyoilisha nyumba yake na kumsomesha binti yake uuguzi. Lakini mtu mwingine, mgeni, aingie bustani ile na mashine yake? Hilo lilimtisha kuliko njaa.

"Nitasukuma," akasema.

Nyumbani mkewe hakumwelewa hata kidogo.

"Unapewa mashine, unanuna? Kifua chako kinakoroma hata ukiwa macho. Chukua, mume wangu, upumzike na huo moshi."

"Mama watoto, ile kelele ndiyo kazi."

"Kazi ni kukata nyasi."

Ngurumo alitamani kumweleza. Aliogopa, tena aliogopa kwelikweli.

Ijumaa aliwahi kufika kabla ya mlinzi kumaliza chai yake, na kama kawaida yake alikuja na gunia lililojaa nyasi mbichi zilizokatwa. Akatawanya kiganja huku, kiganja kule, gunia akaliacha mahali pa kuonekana. Kisha akaipindua ile mashine mpya, akakifungua kisu cha mashine, akakificha chini ya koti. Akairudisha kwenye magurudumu, akasubiri huku jasho likimtoka.

Wageni wakaketi chini ya turubai. Mkurugenzi alihutubia kwa ufasaha, maana siku hiyo alisikika. Akampa Ngurumo ishara. Ngurumo akabonyeza kitufe.

Kimya.

"Mbona haijawaka?" mgeni mmoja akauliza.

"Imewaka," mkurugenzi akajibu kwa fahari.

Ngurumo akaanza kusukuma. Ndege wakasikika. Mtu akameza maji mstari wa mbele, akasikika. Ngurumo mwenyewe alisikia nyayo zake, kwacha, kwacha, na kwa miaka yote hakuwahi kujua kwamba bustani ile ina sauti. Akakohoa kuzifunika. Akakohoa tena. Kikohozi kilipomwishia akaanza kunguruma kwa mdomo, brrrm, brrrm, hadi mkurugenzi alipomtolea jicho.

Akanyamaza, akakaza mwendo, akafika mwisho wa bustani, akageuka, akarudi. Hakuna aliyeinuka. Hakuna aliyenung'unika. Alipozima, turubai zima lilipiga makofi, na mkurugenzi akafuta machozi.

"Hakuna moshi, hakuna kelele," akawaambia wageni. "Na tazameni nyasi zilivyokatwa, kimo kimoja."

Wageni wakatazama, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ngurumo akashusha pumzi aliyoibana tangu juzi. Kumbe hofu yote ile ilikuwa ya bure. Alifikiri hata kuichukua mashine yao, na kifua chake kipone, na mkewe afurahi.

Hapo bibi mmoja mfadhili, mkongwe kuliko wote, akavua viatu ili apate raha ya kukanyaga nyasi zilizokatwa sasa hivi. Akapiga hatua chache, akasimama. Akainama, akasugua jani moja kati ya vidole, akalinusa. Kisha akamwendea Ngurumo akamwuliza kwa upole, kwa sauti ndogo tu, ambayo katika utulivu ule ilifika hadi mstari wa nyuma:

"Samahani, baba. Hivi nyasi za plastiki nazo hukatwa?"