Misumari ya Inchi Nne

Mwalimu aligawa misumari mitano na skrubu tano, kila mtu msumari mmoja na skrubu moja, kisha akatandika kitambaa ndani ya mkebe wa rangi ili kitakachoangukia humo kisisikike.

"Msumari, auawe," alisema. "Skrubu, aachwe. Ikitokea skrubu hata moja, tunakwenda zetu nyumbani na habari imekwisha."

Utaratibu huo ulikuwa wa karakana yenyewe. Mafundi wa pale wakibishana juu ya kazi hupiga kura hivyo, kwa sababu msumari wa inchi nne ukishazama kwenye mbao ngumu, kuung'oa ni kuiharibu mbao. Skrubu waweza kuifungua kesho ukijuta. Kinachobaki mkononi ni siri ya mwenyewe. Siku zote waliamulia makabati na vitanda hivyo. Leo waliamulia mtu.

Mtu mwenyewe walimwita Kengele tangu utotoni, kwa jinsi alivyokuwa akilia mpaka mtaa mzima unaamka. Siku hizi alilia majukwaani. Kila wiki aliwaambia watu kwamba wahamiaji ni kupe, na kupe habembelezwi, anasagwa. Mwezi uliopita watu hao walimsikiliza vizuri. Walikwenda nyumbani kwa fundi viatu, mhamiaji aliyeishi mtaani miaka ishirini, wakaupigilia mlango misumari kwa nje, wakawasha moto.

Mjane wa fundi viatu alikuwa ameketi juu ya rundo la mbao, mkono wa kushoto bado una bandeji. Na mwenye karakana, seremala aliyeing'oa misumari ile kesho yake na kuitambua kuwa imetoka kwake, alikuwa baba mzazi wa Kengele.

Ndiyo maana walikutana pale. Kengele alitembea na walinzi sita kila aendako, isipokuwa Jumatano saa saba mchana, alipokuja peke yake kula na babake. Leo ilikuwa Jumatano, na saa sita ilishapita.

"Polisi tumekwenda mara ngapi?" dereva aliuliza.

"Mara sita," nesi akajibu. "Mara ya saba tulimkuta mkuu wao jukwaani, anamshikia Kengele mwavuli."

Dereva akacheka, kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Mimi kazi yangu kufunga vidonda," nesi akaendelea, "na mwezi huu nimefunga mpaka nimechoka. Lakini jamani, tukishamuua, sisi tutaitwaje?"

"Tutaitwa watu tulio hai," dereva akasema. "Jina zuri tu hilo."

Mjane akainua uso. "Mkianza habari za huruma, mimi naondoka. Mume wangu nilimkusanya kwenye shuka, nikambeba mwenyewe kwa mikono hii. Uzito wa mtu aliyeuawa naujua mimi. Nyinyi hamuujui."

 

Mwalimu akamgeukia seremala kwa sauti ya kumstahi. "Mzee, wewe si lazima upige. Hakuna atakayekulaumu."

"Karakana hii ya nani?"

"Yako, mzee."

"Basi napiga."

Wakatazamana. Kila mmoja alielewa, na dereva akashindwa kujizuia: "Si tuambiane tu kwamba tunapoteza muda!"

 Seremala alisimama mbele ya benchi lake, mkono wa kulia ndani ya mfuko wa aproni, macho kwenye sufuria iliyofunikwa kando ya dirisha, chakula cha watu wawili. Uchungu ulimjaa usoni waziwazi. Hata dereva, pamoja na hasira zake zote, aliangalia pembeni.

Mkebe ukazunguka. Kila mtu aliingiza ngumi, akaitoa. Ya seremala ilikaa humo muda mrefu, mpaka mwalimu akakohoa, ndipo akaitoa na kuirudisha mfukoni. Mjane alipiga wa mwisho.

Mwalimu akamwaga vilivyomo juu ya benchi. Msumari. Msumari. Msumari. Msumari. Na skrubu moja, iliyobingirika hadi kwenye maranda, ikatulia.

Hakuna aliyeuliza ni ya nani.

"Watakaochomwa wiki ijayo," dereva akasema, "majeneza yao uyachonge wewe mwenyewe, mzee." Akatema mate mlangoni, akatoka. Nesi akamfuata, kichwa chini. Mwalimu alikunja kitambaa chake polepole.

"Ningekuwa mimi, mzee, pengine ningefanya hivyohivyo." Naye akaenda.

Seremala hakujitetea kwa neno hata moja. Mjane alikuwa bado ameketi.

"Anafika saa ngapi?"

"Sasa hivi, shemeji."

"Basi pasha chakula. Kimeshapoa."

Akanyanyuka, akakung'uta vumbi la mbao kwenye nguo, akaweka juu ya benchi kile kilichobaki mkononi mwake. Kilikuwa msumari.

"Skrubu ilikuwa moja tu, shemeji," alisema bila kumtazama.

Mlangoni alipishana na Kengele, ambaye hakumjua, akampisha na kumwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, baba," Kengele akasema akiingia, mkono ameunyoosha. "Mbona hivyo? Nipe mkono basi."

Seremala hakuutoa. Ndani ya mfuko wa aproni, ncha ya skrubu yake ilikuwa imeshamtoboa kiganja.