Vigae vya Kiwandani

Kitu cha kwanza alichokiona Zuhena ni kwamba wale wanaume walivimwagia vigae maji kabla ya kuvigusa. Walivaa ovaroli nyeupe na barakoa. Walikuwa wakisafisha eneo la kiwanda kilichofungwa, na sasa walikuwa wamefika nyuma ya nyumba ya kina Zuhena, ambako mama yake alianika muhogo juu ya vigae vya asbesto alivyovileta marehemu baba kutoka kazini.

"Mama, tunaomba utupishe," alisema msimamizi wao.

"Nikupishe wewe bibi harusi?" mama alijibu bila kuinuka. "Bwana harusi yuko wapi?"

Wafanyakazi wenzake walicheka. Msimamizi hakucheka.

"Vumbi la vigae hivi hukaa kifuani miaka na miaka, halafu linaua. Wengi waliofanya kazi kiwandani wamekufa kwa kukohoa."

"Mume wangu alirogwa," mama alisema. "Tena na dada yake wa tumbo moja. Mji mzima unajua."

Zuhena alitazama ng'ambo ya utepe uliozungushwa kwenye uwanja. Shangazi Mwanakombo alikuwa amesimama kati ya majirani, nao walikuwa wamemwachia nafasi pande zote, kama walivyofanya tangu mazishi. Kila asubuhi bombani Zuhena alimpita ameinamisha macho, na salamu ikaishia moyoni.

Akauendea utepe, akainama, akapita chini yake. Mama aliliita jina lake, kipande cha muhogo kikiwa bado mkononi.

"Shikamoo, shangazi," Zuhena alisema, na majirani wote wakasikia.