Gari Lililoziba Geti la Bi Muriel

Je, wewe umewahi kufungiwa ndani ya geti, ufunguo wa gari mkononi, mafuta tele kwenye tangi, na usiweze kwenda popote? Basi hivyo ndivyo alivyokuwa Rodney Jumamosi ile, mbele ya nyumba ya mama yake, mtaa wa tatu kutoka uwanja wa mpira.

Gari jekundu lilikuwa limeegeshwa ubavu mbele ya geti, limekaa sawasawa kama kifuniko juu ya sufuria. Skafu ya timu ya nyumbani ilining'inia kwenye kioo cha nyuma. Mwenye gari hayupo.

Asubuhi ni mama mwenyewe aliyesimama mlangoni na kandambili zake za manyoya, akipunga mkono. "Liingize ndani, mwanangu. Ukiliacha barabarani siku ya mechi bila kibali, watakupiga faini hata hujabisha hodi."

Rodney akaliingiza, katikati ya ukuta na pipa la taka. Baada ya hapo mama akawa mzito. Akarudi kufunga dirisha la bafuni. Akarudi kupangusa meza iliyokwisha kupanguswa. Akataka chai ya mwisho, na chai ya mwisho ikazaa nyingine. Walipotoka na sanduku, gari jekundu lilikuwa limeshaziba.

Sasa mama, Bi Muriel, alikuwa ameketi kiti cha mbele, koti la buluu limefungwa vifungo hadi kooni, mkoba magotini, chungu cha maua katikati ya miguu, mkanda umembana.

Chumba chake kilikuwa kinamngoja mji wa pili, katika nyumba ya kutunzia wazee, chumba chenye dirisha la kutazama bustani. Msimamizi alikuwa amesema wazi kwenye simu: mwisho saa kumi na moja jioni. Asipofika, anapewa anayefuata, na anayefuata ameshafunga mizigo. Rodney alikihangaikia chumba hicho tangu mama alipoteleza kwenye ngazi akalala sakafuni mpaka kulipokucha. Kila alipomwuliza, mama alijibu lile lile: "Utakavyo wewe, mwanangu."

Watu walipita makundi kwa makundi kuelekea uwanjani, wakiimba. Harufu ya vitunguu vya kukaanga na siki ikaingia mpaka ndani ya gari. Rodney alilisukuma lile gari jekundu. Likatikisika kidogo likatulia. Akapima nafasi iliyobaki kwa hatua. Hata baiskeli ingekwaruzika.

"Rodney! Bado umo?" Mzee Clem, jirani, alikuwa ameegemea uzio na kikombe chake. "Kanunue tiketi uingie, kijana. Angalau utapata cha kusimulia."

"Mzee Clem, gari hili la nani?"

"La mpenda mpira, naona." Akacheka mpaka akakohoa. "Hapa siku ya mechi ndivyo tulivyo, kama kuku kwenye tenga. Mimi langu siligusi. Ukitoka tu, nafasi imeliwa." Kisha akamvulia kofia Bi Muriel. Bi Muriel akatazama mkoba wake.

Kelele kubwa ikapanda kutoka uwanjani. Mechi imeanza. Rodney akajua hesabu yake: akitoka kabla ya kipenga cha mwisho, anawahi. Kikishalia, mtaa unafurika watu na hakuna gurudumu litakalogeuka.

Alikimbia kona mbili ndipo akampata askari wa maegesho, mwanamke aliyevaa koti la manjano, anaitwa Glenys. Akamleta karibu kwa kumburuta. Glenys akalizunguka gari jekundu taratibu, akainama kwenye kioo cha mbele.

"Hili lina kibali."

"Kibali gani? Si unaona limeniziba?"

"Kibali cha mgeni. Mwenyeji wa mtaa huu amempa. Kwa kuegesha, halina kosa."

"Na geti je?"

"Geti ni jambo jingine. Kuziba geti ni kosa, lakini mpaka mwenye nyumba alalamike. Akilalamika, naita winchi sasa hivi, nalo linakokotwa."

"Basi mimi nalalamika!"

"Unaishi hapa?"

"Nimezaliwa humu!"

"Sikukuuliza ulipozaliwa, kaka. Mwenye nyumba ni nani?"

"Mama. Yule pale kwenye gari. Lakini yeye hapendi kusumbua watu. Hata chumvi ikipungua kwenye chakula hasemi."

"Basi leo na anisumbue," akasema Glenys. "Nalipwa kwa kusumbuliwa."

Rodney akafungua mlango wa gari, akapiga goti kwenye changarawe kama mtoto. Jasho lilikuwa linamtiririka ndani ya shati. "Mama, neno moja tu. Mwambie askari kwamba gari hili linakuzuia kutoka. Nakuomba. Muda unatuacha."

Uwanja ukalipuka. Bao. Vioo vya madirisha vikatetemeka, na kule kwenye uzio Mzee Clem akarusha kofia juu. Bi Muriel akangoja kelele zipite, kama mtu anayengoja treni ipite ndipo azungumze. Halafu akafungua mkanda.

"Halinizuii, binti yangu," akamwambia askari. "Ni la mgeni wangu. Nimemwambia asiliondoe mpaka saa kumi na moja ipite."

Akamgeukia mwanawe, akamshika shavu.

"Siendi huko, Rodney. Sitaki."